Wapangaji wa Nyumba ya Mungu



Siku ya Mungu iliyopita, wakati wa misa, mulitazama wapi? Sisi wakubwa tunatazama altare. Wengine wanatazama viatu vipya vya jirani. Na watoto, tuseme kweli, wanatazama juu. Wao ndio wanajua nani anakaa kwenye mbao za dari, nani anatoka kwenye tundu la ukuta, na mjusi gani alikamata nzi wakati wa mahubiri. Siku moja mtoto wangu aliniuliza, katikati ya kimya kikubwa: "Papa, popo naye iko anasali?" Watu walicheka. Mimi nilimwambia anyamaze.

Leo ninataka kumjibu vizuri, sababu kisha siku chache swali lake lilinirudilia kwa njia ya uchungu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwanzo wa mvua. Barua moja ilifika kwetu, imeandikwa na vijana wa parokia moja kule mbele ya Likasi, kwenye njia ya Kolwezi. Jina la parokia sitalitaja, mutaelewa sababu. Waliandika hivi: bundi amekaa ndani ya mnara wa kengele. Kila jioni anatoka, anapita juu ya nyumba ya mama mmoja mzee, mjane. Kisha watoto wawili wa mtaa waligonjwa. Sasa watu wanasema yule ndege ni wa yule mama. Vijana wengine wanataka kuua ndege, wengine wanataka kufukuza mama. Mwishoni waliandika: "Mutupe shauri upesi."

Niliona ya kwamba kujibu barua ya namna hii toka kwenye kiti cha ofisi haifai. Nikafunga mfuko, nikapanda bisi. Na sababu njia ni ndefu, nikaamua kusimama kanisa kwa kanisa na kuuliza swali moja tu: hapa kwenu, ni nyama gani wanakaa na ninyi ndani ya nyumba ya Mungu? Njooni tusafiri pamoja.

LUBUMBASHI: NDEGE WASIOJUA KUKAA CHINI

Nilianza karibu na kwangu, mbele ya kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, lile la matofali, lenye lilijengwa katika miaka ya kwanza ya mji. Mji wenyewe ulianza mwaka 1910.

Fika pale saa kumi na moja za jioni, inua macho. Utaona ndege wadogo weusi, mabawa membamba kama mundu, wanazunguka mbio na kulia kwa sauti nyembamba. Wengi wanafikiri ni mbayuwayu. Hapana. Ni wale wenye Wafaransa wanaita martinet. Yule wetu ana alama nyeupe juu ya mkia. Anajenga chini ya paa za nyumba ndefu, chini ya madaraja na kwenye minara, jamaa nyingi pahali pamoja kama watu wa camp ya wafanyakazi. Anakusanya manyoya na majani hewani, anayabandika kwa mate yake. Miguu yake ni mifupi sana, ya kushikilia ukuta tu. Kutembea chini haiwezi. Kama munamkuta ameanguka ndani ya lupango, musimchezee. Mumupandishe pahali pa juu, mumuache ajitupe mwenyewe.

Yuko na ndugu yake, martinet wa Ulaya, bila ile alama nyeupe. Huyo hajengi kwetu. Yeye anazaa katika minara ya makanisa ya Ubelgiji, Ufaransa na inchi zingine za kule. Mwezi wa nane anaacha zile kengele, anakuja kupitisha miezi ya baridi juu ya Kongo. Mwaka 2016, watu wa elimu wa chuo kikuu cha Lund, inchi ya Sweden, walionyesha kwamba wengine wao wanakaa hewani miezi 10 bila kutua chini: wanakula hewani, wanapumzika hewani. Wamisionere wa zamani walikuja kwetu kwa meli na kwa treni, wakasumbuka wiki na wiki. Kumbe kila mwaka ndege wa minara ya kwao walikuwa wanawapita juu bila tiketi.

Mzee mwenye kuchunga baiskeli pale aliniambia: "Hawa, Papa, siwezi kuwafukuza. Bibi yangu anajua saa ya kupika bukari kwa kuwasikia."

NJIANI: FUNDI MWENYE KUJENGA NA KUBOMOA

Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni kama kilometa 120. Kamioni za shaba na cobalt zinapita, vumbi linapanda, magunia ya makala yamesimama kando, wamama wanauza vinkubala. Na kati ya miti munaona vichuguu, vingine virefu kuliko nyumba, mita 5 na zaidi.

Musipite bila kusema asanti kwa mchwa. Wazee wetu walijua kwamba udongo wa kichuguu unafaa sana kwa matofali. Toka zamani mpaka leo, matofali mengi ya Lubumbashi na vijiji vyake yanachomwa na udongo ule. Maana yake, mkristu, wakati unaegemea ukuta wa kanisa lenu, pengine unaegemea kazi ya mchwa.

Lakini katekista wa kijiji kimoja, kwenye nilishuka kunywa maji, alinishika mkono akanipeleka kwenye kiti cha mbele. Aligonga mguu wa kiti kwa kidole. Ulilia kama ngoma: ndani hakuna kitu. Akasema: "Huyu fundi alitupatia kuta, sasa anajilipa kwa mbao." Toka siku ile anaweka viti vyote juu ya vipande vya tofali, na kila mwezi anapita na taa kutazama mistari ya udongo kwenye ukuta. Hapigani vita kubwa. Anatazama tu kila mwezi, bila kuchoka.

Kanisa lile dogo lilikuwa na wapangaji wengine. Mjusi mweupe wa ukutani alikuwa nyuma ya picha ya njia ya msalaba, kituo cha saba. Watu wa pwani ya Tanzania wanamwita mjusi kafiri. Kafiri! Na yeye ndiye anakaa kanisani siku zote saba, wakati sisi tunakuja siku moja. Kazi yake ni kula mbu na nzi; mtu hana mashindano naye.

Juu ya mlango kulikuwa nyumba ya udongo, imefanana na chupa ya kulala yenye shingo. Hiyo ni ya mbayuwayu wetu mwenye kichwa chekundu na mistari kifuani. Anaijenga kwa vitonge vya matope, mamia na mamia, anavileta kimoja kimoja kinywani. Uchafu wake ulikuwa unaanguka kwenye kichwa cha watu wenye kuingia, na mwaka mmoja vijana walivunja ile nyumba kwa fimbo. Katekista alikasirika. Alichukua Zaburi ya 84, akawasomea pale panaposemwa juu ya ndege wadogo wenye kupata nyumba karibu na altare ya Mungu, na mbayuwayu ametajwa. Kisha akafanya jambo la maana kuliko kusoma: alipigilia ubao mdogo chini ya nyumba ya ndege. Uchafu unabaki juu ya ubao, watu wanaingia safi. Mbayuwayu alirudi kujenga.

Wakati wa mvua mbayuwayu wa Ulaya naye anafika kwetu, bila kujenga. Zamani watu wa kule hawakujua anaenda wapi. Mwezi wa tano mwaka 1911, bwana mmoja wa Uingereza, John Masefield, alimfunga mbayuwayu pete ndogo kwenye mguu, pale mlangoni pa nyumba yake. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1912, pete ile ilikutwa Natal, Afrika ya Kusini. Ndege mwenye uzito wa gramu kama 20! Na sisi, kwa kutoka Likasi mpaka Lubumbashi tu, tunalalamika siku mbili.

LIKASI: DARI LENYE KULIA

Likasi nilipokelewa na sista mmoja kwenye chapel ya masomo. Kabla ya kuona kitu, pua iliniambia: popo. Dari nzima ilikuwa inalia kama mafuta kwenye sufuria.

Hapa, wasomaji, nisiwadanganye. Popo kanisani ni mzigo. Uchafu wake unanuka, unaoza mbao, unaanguka juu ya kitambaa cha altare. Mwaka mmoja wazazi walitaka kuwaua wote kwa moshi wa sumu. Sista alikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza: maelfu ya popo waliokufa ndani ya dari wananuka kuliko popo wazima. Ya pili: wale popo wadogo wa dari wanakula wadudu. Kila mmoja anakula kwa mamia usiku mmoja.

Alifanya namna hii. Jioni alisimama inje na wanafunzi, wakatazama popo wanatokea kwa matundu gani. Hawakuziba wakati wa kunyonyesha, kwa maana mama angebaki inje na watoto wangekufa ndani. Walingojea mpaka watoto wote wanaruka. Halafu jioni moja, popo wote wakiisha kutoka, fundi akaziba kwa mbao na sementi. Upande mmoja wa paa, mbali na altare, walibakisha tundu moja. Popo wamoja walihama, wamoja wako pale mpaka leo. Kelele nilizosikia zilikuwa za wale waliobaki.

Sasa sikieni vizuri, zaidi ninyi jamaa za machimbo. Katika miaka 1998 mpaka 2000, kule Durba karibu na Watsa, kaskazini-mashariki ya inchi yetu, ugonjwa wa Marburg uliwashika watu 154, na 128 walikufa. Wengi wao walikuwa wachimba zahabu wenye kushuka ndani ya shimo lenye popo wengi. Kisha watu wa elimu walikuta alama za virusi ile ndani ya popo wa shimo lile. Kati yao kulikuwa popo wakubwa wenye kula matunda na kukaa ndani ya mapango. Sio wale wadogo wa dari. Lakini fundisho ni moja kwa wote: usishike popo kwa mkono, mzima ao mfu. Usilale ndani ya pango ao shimo lenye popo. Ukisafisha uchafu wao, funika pua na kinywa, mwanga maji kwanza kusudi vumbi lisipande. Akikuuma, osha kidonda na maji na sabuni kwa dakika 15, kisha kimbia hospitali, sababu anaweza kuleta ugonjwa wa imbwa wenye wazimu.

Kuheshimu nyama si kumkumbatia. Kila mtu na nafasi yake. Tena popo wa matunda naye ana kazi: anapanda miti. Kila mwaka, mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, mamilioni yao wanakusanyika Kasanka, inchi ya Zambia, si mbali na mpaka wetu. Wanakula matunda usiku, wanaangusha mbegu mbali sana. Pori letu, lenye tunakata kila siku kwa ajili ya makala, wao wanalipanda bila mshahara.

Nilipokuwa ninaaga, sista alinionyesha pia nyuki, ndani ya ukuta wa sakristia. Aliniambia anangojea mzee wa asali aje jioni na moshi kuwahamisha ndani ya muzinga. "Siwezi kuwachoma," alisema. "Mshumaa wa Pasaka ulitoka wapi?" Ni kweli: usiku wa Pasaka, wimbo wa kusifu mshumaa unataja kazi ya nyuki. Na munakumbuka moto wa kanisa la Notre-Dame kule Paris, tarehe 15 mwezi wa ine 2019? Juu ya paa la sakristia kulikuwa mizinga mitatu. Paa kubwa liliungua, mnara ulianguka, ulimwengu ulilia. Kisha siku chache wakaenda kutazama: nyuki walikuwa wazima.

MNARA WA BUNDI

Halafu nikafika pale barua ilipotoka.

Vijana walinipokea kwenye kituo cha bisi. Mkubwa wao alinibebea mfuko, lakini uso ulikuwa mgumu. Akaniambia: "Papa, ile ndeke iko ya balozi. Batu yote banajua."

"Nani aliona?"

"Batu yote."

"Wewe mwenyewe uliona nini?"

Akanyamaza kidogo. "Niliona inapita."

Kwanza nilikwenda kusalimia mama. Hakuwa tena kwake. Wiki iliyopita, mawe yalitupwa juu ya mabati yake usiku, naye alihamia kwa binti wa dada yake, katika chumba kimoja na watoto watano. Nilimkuta amekaa chini, anachambua mahindi. Kazi yake ni kutwanga mahindi ya watu. Hiyo ndiyo inamlisha toka mume wake alikufa. Nilimuuliza juu ya bundi. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema: "Mwanangu, ile ndeke iko natafuta panya. Miye niko natafuta unga. Bulozi, nitaupata saa gani?"

Jioni tulisimama inje ya mnara, vijana kumi na mbili, katekista na mimi. Giza lilipoanza kuingia, alitoka. Wengine walirudi nyuma. Alikuwa mweupe chini, rangi ya mchanga mgongoni, na uso wa duara wenye umbo la moyo. Alipita juu yetu, mimi sikusikia hata upepo. Kisha akalia: si wimbo, ni sauti ya kitambaa kinachopasuka. Nami niseme kweli, ngozi ilinisimama. Ninaelewa sababu gani babu zetu waliogopa.

Lakini Wafaransa nao waliogopa. Jina lake kwa kifaransa ni effraie des clochers, jina linalosikika kama kusema mwenye kuogopesha wa minara ya kengele. Kule Ulaya toka zamani anakaa ndani ya minara ya makanisa na gala za mavuno, na kule vilevile watu walisema analeta kifo. Wakulima wengine walimpigilia misumari juu ya milango ya gala zao. Leo wengi wao wanamtengenezea masanduku ya kuzalia. Ndege hakubadilika. Walijifunza kumtazama.

Asubuhi tukapanda mnara. Chini ya mbao za kengele tulikuta vitonge vyeusi, vikubwa kama kidole gumba. Kijana mmoja akapaza sauti: "Hii ni dawa ya mulozi!" Nikawaomba ndoo ya maji na vijiti. Bundi anameza panya mzima. Kisha anatapika kitonge cha nywele na mifupa yenye hawezi kusaga. Tulikaa chini ya muembe, tukafungua vitonge 14 kwa vijiti, tukavilowesha, tukapanga mifupa juu ya gazeti. Mwanzo walisimama mbali. Kidogo kidogo walikaribia. Mwishoni walikuwa wanagombana nani ahesabu. Tulihesabu vichwa 41. Vyote vya panya na ndugu zake wadogo. Hakuna hata kimoja cha mtu.

Ndege huyu anakula panya watatu ao wane kwa usiku mmoja. Wana parokia wale walikuwa na depo ya mahindi nyuma ya kanisa, na kila mwaka walilia juu ya panya. Mtunza depo, mwenye alikuwa kimya mpaka pale, akasema polepole: "Ni kweli, mwaka huu magunia yako mazima."

Na sababu gani anapita juu ya nyumba ya mama? Tulikwenda wote kutazama. Kinu chake kiko inje, chini ya muti. Pumba na punje zinamwagika kila siku. Penye punje kuna panya, penye panya kuna bundi. Ilikuwa wazi namna ile. Yule kijana mkubwa alipiga teke pumba kwa kiatu, panya mmoja akatoka mbio. Wote walicheka, yeye hakucheka.

Na watoto wawili wenye kugonjwa? Nilipita kwenye dispanseri. Kwenye karata za wote wawili infirmier aliandika malaria. Wote wawili walipona. Mmoja alikwisha kupona siku barua ilipoandikwa. Hakuna mtu aliyekwenda kumwambia mama.

MKUTANO WA JIONI

Padri aliita mkutano. Sitawaambia kwamba wote walikubali, ingekuwa uongo. Kijana mmoja alisimama na Biblia, akasema kitabu cha Walawi, sura ya 11, kinataja bundi kati ya ndege wasio safi. Katekista akamjibu: "Ile sura inasema juu ya kula. Nani alikuomba umle? Popo ametajwa pale pale, korongo ametajwa. Utafukuza mama ngapi?"

Kisha baba mmoja alisimama nyuma. Mtoto wake wa kwanza alikufa mwaka uliotangulia, udongo ulipoanguka ndani ya shimo la machimbo. Alisema: "Ninyi munahesabu panya. Mtoto wangu nani atamhesabu?" Hakuna mtu aliyejibu. Padri alikwenda kukaa karibu naye. Pale ndipo mimi niliona chanzo cha barua yote. Mtu mwenye uchungu anatafuta pahali pa kuuweka. Shimo halina masikio, mwenye kununua madini yuko mbali, serikali iko mbali. Mama mzee yuko karibu, hana mume, na ndege anapita juu ya mabati yake. Ni rahisi kumtupia yeye jiwe.

Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa bulozi. Ni vizuri. Lakini wazee wetu nao wanangojea ulinzi, na ulinzi wao wa kwanza ni ulimi wetu.

Mwisho wa mkutano waliamua mambo matatu. Bundi atabaki ndani ya mnara, na mbao zitawekwa kusudi uchafu usifike kwenye kengele. Vijana watatengeneza mabati ya mama. Na kila juma wawili wao watamtekea maji. Yule baba alitoka bila kusalimia mtu. Ninaomba mumkumbuke katika sala zenu, sawa na mama.

Siku ya Mungu mama alirudi kanisani. Alikaa nyuma, karibu na mlango. Upande mmoja wake alikaa bibi wa katekista. Upande mwingine ulibaki wazi mpaka mwisho wa misa.

KWA MTOTO WANGU

Niliporudi nyumbani, mtoto aliniuliza tena lile swali, sababu watoto hawasahau. Nilimwambia hivi: popo hapigi magoti. Lakini Zaburi ya 148 inaita nyama wa pori na wa kufugwa, wenye kutambaa na wenye kuruka, wamsifu Mungu. Haikumtoa popo wala bundi. Anamsifu kwa kufanya kazi yenye alipewa: kukamata wadudu, kupanda miti, kuchunga mahindi. Sisi tulipewa zaidi: macho ya kutazama mpaka tunaelewa, na kinywa cha kunena ukweli juu ya jirani.

Akafikiri kidogo. "Basi, Papa, yule mama anakaa peke yake?"

Nilimwambia kwamba sijui kama wiki hii mtu alikaa ule upande wa pili. Nitaandika barua kuuliza.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA JAMAA NA VIKUNDI VYA VIJANA

1. Ni nyama gani wanakaa ndani ya kanisa letu na kando yake? Watoto waseme kwanza, wakubwa wasikilize.

2. Ni nani kati yao anatusumbua kweli? Tufanye nini kusudi tukae salama bila kumuua: ubao, kuziba tundu kwa wakati wake, usafi?

3. Katika mtaa wetu, ni mtu gani anaogopwa sababu ya maneno ya "watu wote"? Mimi mwenyewe niliona nini kwa macho yangu?

4. Nani atakwenda kumsalimia juma hili?